Dawa ya Kipandauso Iliyobana Pumzi

Kuumwa kichwa ni jambo la kila siku, na wengi hulidharau. Lakini kipandauso si jambo la kudharau. Huja mara nyingi upande mmoja wa kichwa, hugonga kama nyundo, macho hayataki mwanga, mgonjwa hutapika na kulala gizani siku nzima, pengine hata siku tatu. Mtu wa namna hiyo akipata dawa ya kumkinga, huishika kwa mikono miwili. Basi, leo tutazame habari ya dawa moja iliyowakinga wengi, iitwayo methisejidi, na jinsi waganga walivyokuja kujua kwamba imewabana wagonjwa wengine pumzi.

Asili yake ni ya zamani sana. Huko Ulaya iko nafaka moja iliyo jamaa ya ngano, na katika miaka ya baridi na mvua nyingi huota kuvu nyeusi katika masuke yake. Watu wa kale walisaga kuvu pamoja na nafaka, wakala mkate wenye sumu bila kujua. Mishipa yao ya damu ilijikaza, mikono na miguu ikawaunguza kama moto, kisha ikawa myeusi na kukatika. Ugonjwa huo uliitwa Moto wa Mtakatifu Antoni. Yapata mwaka 1095 ilianza nchini Ufaransa jamaa ya mabruda wa Mtakatifu Antoni, ambao kazi yao ilikuwa kuwauguza maskini hao.

Kumbe ndani ya sumu ile mlikuwa na dawa. Mwaka 1918 Arthur Stoll, mtaalamu wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi, alitoa katika kuvu ile kitu safi kiitwacho ergotamini. Kwa kipimo kidogo kilituliza kipandauso. Mwaka 1938 waganga wawili wa Marekani, John Graham na Harold Wolff, waliandika namna kinavyofanya kazi: mishipa ya kichwa iliyotanuka na kupiga kwa nguvu hupunguza mapigo yake, na maumivu hupungua pamoja nayo. Tulishike jina la Graham, maana tutakutana naye tena.

Ergotamini ilituliza maumivu yaliyokwisha kuanza. Wagonjwa walitamani zaidi: yasianze kabisa. Wataalamu wa Sandoz wakatengeneza methisejidi, ya ukoo ule ule wa kuvu. Mwaka 1959 Federigo Sicuteri, mganga wa Florence katika Italia, alitangaza kwamba inazuia kipandauso kisije. Ilikuwa furaha kubwa. Kule Boston, Graham aliwapa wagonjwa wake, na mwaka 1964 akatoa habari za watu 500 kwa muda wa miaka mitatu. Wengi walikuwa wamepata nafuu.

Lakini katika habari ile ile aliandika pia jambo la kutisha. Nyuma ya matumbo ya wagonjwa wengine palikuwa pameota nyama ngumu kama kovu, ikabana mirija ya mkojo itokayo katika figo. Mwaka 1966 yeye na wenzake walitoa habari za wagonjwa wengine zaidi, na mwaka 1967 aliandika juu ya makovu ya namna hiyo katika moyo na mapafu.

Tueleze habari ya mapafu. Kila pafu limefunikwa na utando mwembamba wenye kuteleza. Tunapovuta pumzi pafu hutanuka, na utando huteleza bila kukwaruza. Katika wagonjwa wale utando ulinenepa na kuwa mgumu, pengine maji yakakusanyika kando yake. Kovu halitanuki. Basi mgonjwa alisikia maumivu kifuani akivuta pumzi, na kupanda kilima kidogo tu kulimwacha akihema.

Kwa nini hawakuona mapema? Kwanza, kovu hukua polepole. Aliyemeza dawa majuma machache haoni kitu. Pili, nani atafikiri kwamba kidonge cha kichwa kinashika kifua? Mganga anayetazama kifua huuliza habari ya kifua kikuu au ya mafua, naye mgonjwa hataji dawa yake ya kichwa. Tena mtu aliyefunguliwa kutoka gizani hapendi kumshtaki mfunguzi wake.

Walipoacha dawa, mara nyingi pumzi ilirudi. Kwa hiyo waganga waliweka sheria: mtu asiitumie zaidi ya miezi 6 mfululizo bila kuipumzisha majuma matatu au manne. Mwaka 2014 idara ya Ulaya inayosimamia madawa ilikaza zaidi: wapewe tu wale ambao dawa nyingine zimewashinda, chini ya mganga mwenye ujuzi wa ugonjwa huo, nao wapimwe kabla ya kuanza na kila miezi 6.

Msiseme kwamba habari hii ni ya Wazungu tu. Iko dawa nyingine, propranololi, ambayo ilianza katika miaka ya 1960 kwa wagonjwa wa moyo, na baadaye ikaonekana kwamba inazuia kipandauso pia. Ni dawa njema, tena hutumiwa hata leo. Lakini mwenye pumu asiimeze, kwa kuwa huweza kubana njia za hewa katika mapafu yake. Haifai kabisa kumwazima jirani vidonge vyako kwa sababu tu naye anaumwa kichwa.

Sisi tunamsifu Graham kwa jambo moja hasa. Alikuwa amewapa wagonjwa wake dawa ile, ameona wakipona, na hata hivyo hakuona haya kuandika madhara yake. Nasi wagonjwa tuwe na moyo huo huo. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukienda kwa mganga kwa ajili ya kifua, mtajie na dawa ya kichwa. Ukienda kwa ajili ya kichwa, mwambie habari ya pumu. Usiache dawa ghafula kwa shauri lako mwenyewe, wala usinyamaze ukiona pumzi inapungua. Kidonge humezwa kwa ajili ya kichwa, lakini mwili wote hukipokea.