Kujiunga na Kuungana: Historia ya Maneno Matatu Katika Siasa ya Afrika Mashariki

Msafiri atokaye Mwanza kwenda mpaka wa Kenya kwa barabara hupita Bunda, kisha hufika Makutano, ambapo njia ya Butiama huenda kulia na ile ya Musoma huenda kushoto. Akiendelea mbele huvuka mto Mara na kufika Tarime hadi Sirari. Katika mwendo huo atasikia Kijita, Kizanaki, Kikurya na Kijaluo, na lugha mbili za mwisho zasemwa pia ng'ambo ya mpaka. Mto wenyewe chanzo chake ki Kenya na mwisho wake u Tanzania. Watu wa sehemu hii hawahitaji kufundishwa maana ya ujirani. Wanachohitaji, na kila raia anahitaji, ni kuelezwa kwa maneno yasiyotatiza ni uhusiano wa namna gani serikali zao zinaujenga juu ya ujirani huo.

Katika tafsiri nyingi, na hata madarasani, maneno jumuiya, shirikisho na muungano hubadilishana nafasi kana kwamba yana maana moja. Historia yaonyesha kwamba hayana.

Jumuiya ni mkusanyiko wa watu au nchi kwa shughuli za pamoja. Shirikisho latokana na kitenzi shirikisha: wengi wanatiwa katika jambo moja, huku kila mmoja akibaki na sehemu yake. Muungano watokana na unga: vilivyokuwa mbali vinashikamana hata vikawa kitu kimoja. Mkulima wa pamba wa Bunda au wa kwingineko katika Kanda ya Ziwa alikuwa na mfano wa neno la pili karibu naye. Vyama vya msingi vya ushirika viliunda vyama vikuu, na vyama vikuu mwaka 1955 vikaunda shirikisho lao la Victoria. Chama cha kijijini hakikufa kwa sababu shirikisho limezaliwa.

Mzaliwa wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, ndiye aliyelitetea shirikisho la nchi kwa hoja iliyowashangaza wengi. Mwaka 1960 alisema kwamba alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Kenya na Uganda zipate wao, na nchi zote tatu ziingie katika uhuru zikiwa shirikisho moja. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi zikishazoea kila moja bendera yake, kiti chake katika Umoja wa Mataifa na mawaziri wake, kuviacha kutakuwa kugumu. Tarehe 5 Juni 1963, mjini Nairobi, yeye pamoja na Jomo Kenyatta na Milton Obote walitangaza nia ya kuunda shirikisho kabla ya mwaka huo kwisha.

Mwaka ulikwisha na shirikisho halikupatikana. Mabishano yalikuwa juu ya madaraka: nani atashika mambo ya nchi za nje, nani atatoa uraia, nani atakopa fedha, na makao makuu yatakuwa wapi. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar zikafanya jambo jingine, nalo halikuitwa shirikisho bali Muungano. Dola mbili zikawa dola moja yenye kiti kimoja Umoja wa Mataifa, na mambo 11 yakawekwa chini ya serikali ya Muungano. Jina lilichaguliwa kufuatana na tendo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 ilikuwa chini ya yote mawili. Iliendesha reli, bandari, posta na ndege, na meli zake zilitia nanga Musoma kama Kisumu na Mwanza. Ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi mwaka 1983. Kwa mtu wa Sirari, Jumuiya haikuwa istilahi ya vitabuni tu. Kuvunjika kwake kulimtenga na jamaa zake.

Jumuiya ya sasa ilianza tena kwa Mkataba uliotiwa saini mwaka 1999. Mkataba huo wataja hatua nne: Umoja wa Forodha, Soko la Pamoja, Umoja wa Fedha, na mwisho Shirikisho la Kisiasa. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia 2024. Nchi iombayo hupimwa kwa masharti, yakiwemo utawala bora, utawala wa sheria, ujirani wa kijiografia na sera za uchumi zinazopatana na za wenzake. Somalia ilipeleka ombi mwaka 2012 ikapokelewa baada ya zaidi ya miaka 10.

Hapa ndipo mfasiri anapokosea kwa urahisi. Akiandika kwamba Somalia "imeungana" na Tanzania, amesema jambo ambalo halikutokea: imejiunga na Jumuiya. Akiiita nchi iombayo "mgombea", msomaji atafikiri kuna uchaguzi; akiiita "mtahiniwa", atafikiri kuna mtihani wa shule. Twapendekeza "nchi mwombaji" tangu ombi lipelekwe, "nchi mtarajiwa" ikishakubaliwa, na "nchi mwanachama" baada ya taratibu zote kukamilika.

Liko tatizo zito zaidi. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walikubali kwamba, kabla ya Shirikisho la Kisiasa, iwepo hatua ya mpito ambamo kila dola itabaki na mamlaka yake kamili huku mambo machache yakiamuliwa pamoja. Tukiiita hatua hiyo nayo "shirikisho", tumefuta kwa kalamu tofauti ile ile iliyogombaniwa mwaka 1963. Twapendekeza iitwe "ushirika wa dola", na neno shirikisho libakie kwa hatua ya mwisho.

Hili si suala la ufundi wa lugha peke yake. Mwaka 2006 na 2007 Watanzania waliulizwa maoni yao juu ya kuharakisha shirikisho, na walio wengi walikataa kuharakisha. Jibu la raia lina thamani iwapo ameelewa swali. Aliyesikia "shirikisho" akaelewa "muungano" amejibu swali ambalo hakuulizwa, awe amekubali au amekataa.

Sisi tunaunga mkono umoja wa nchi hizi, na lugha ilitangulia kuuonyesha. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilizikutanisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar juu ya Kiswahili sanifu, miaka mingi kabla ya mikataba ya siasa. Lakini umoja unaotetewa kwa maneno yenye utata hujengwa juu ya mchanga. Mwalimu darasani Musoma, karani wa halmashauri Bunda na mfasiri wa mikataba wana wajibu mmoja: kila hatua waiite kwa jina lake, ili raia atakapoulizwa tena ajue anaulizwa nini.