Nani Anatuelezea Hii Muvi?

Aprili 2025 nilimpeleka mjomba wangu sinema hapa Nairobi. Kabla nusu saa haijaisha, tulikuwa tumeambiwa tunyamaze mara mbili.

Mjomba alikuwa ametoka Bungoma kuja kliniki ya macho. Ana sukari. Jicho la kushoto halioni tena, na la kulia linaona kama mtu anayechungulia kupitia dirisha la matatu wakati wa mvua. Miadi ya daktari ilikuwa kesho yake asubuhi. Nikamuuliza angependa tufanye nini jioni hiyo, nikijua atasema chai halafu kulala. Akasema, "Nipeleke kwa sinema ya ukweli, ile kubwa. Kabla hii taa haijazima."

Wacha niwaeleze huyu mzee ni nani. Kwa Kibukusu, ndugu ya mama anaitwa khocha. Khocha wangu alikuwa na kibanda cha video mjini Bungoma kuanzia mwisho wa miaka ya tisini hadi karibu 2014. Mimi nimekulia Kitale, lakini kila likizo nilipanda matatu hadi Webuye, nikabadilisha gari, nikashuka Bungoma na begi la nguo ambazo sikuzibadilisha. Kibanda kilikuwa cha mabati, mabenchi sita, magunia dirishani kuzuia mwanga, runinga moja yenye kisogo kirefu, na jenereta nyuma kwa sababu stima ilikuwa na tabia zake. Kiingilio shilingi tano. Kumi kama muvi ni mpya. Na kando ya runinga, kwenye kiti cha plastiki, Khocha na maikrofoni yake.

Yeye ndiye alikuwa muvi. Arnold Schwarzenegger alikuwa anapiga risasi tu. Khocha ndiye aliyetuambia anampiga nani, kwa nini, na kwamba yule adui mwenye masharubu ana deni la watu kama chifu fulani tuliyemjua sote. Tuliamini kabisa kwamba staring hafi, na akikaribia kufa Khocha alitutuliza: "Msilie, bado kuna saa nzima kwa kaseti."

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Tangu hapo naishi kwa kuandika. Pesa ya makala ikiingia, ya kwanza inaenda kwa kodi ya nyumba, inayobaki inanunua tiketi. Kwa hivyo nimeziona hizi muvi kubwa za juzi ndani ya kumbi zenye zulia, na nina maoni. Lakini maoni yangu yana historia, na historia yenyewe inaanza kabla ya Khocha kuzaliwa.

Mwaka 1935 Waingereza wawili, Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, walianzisha mradi wa filamu pale Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika. Waliuita Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la kuona kama sinema inaweza kuwafunza Wabantu. Pesa nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Kufikia 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35, za mambo kama ukulima na afya. Lori lilizizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilikuwa kwenye sahani za santuri zilizorekodiwa kwa lugha mbalimbali za huku.

Halafu 1939 serikali ya Uingereza ikaunda Colonial Film Unit, kitengo cha filamu za makoloni, na jina kubwa pale lilikuwa William Sellers. Sellers aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu ya kawaida. Picha ziende polepole, kamera isirukeruke, ujanja wa kuchanganya matukio usiwepo. Na kwa sababu filamu nyingi zilikuwa bubu, mtu wa lugha ya mahali pale alisimama karibu na kitambaa cheupe akaeleza kinachoendelea.

Ona hapo. Walichagua mada, wakachagua mwendo wa picha, wakaamua hata akili yetu inaweza kubeba kiasi gani. Lakini mdomo ilibidi wauazime kwetu. Filamu unaweza kuikata kwa makasi. Mtu mwenye maikrofoni, usiku, mbele ya umati unaocheka kwa lugha ambayo bwana mkubwa haijui vizuri, utamkata wapi?

Baada ya uhuru magari ya sinema yaliendelea kuja sokoni, safari hii yakiuza sabuni na majani chai. Mama anakumbuka akiwa msichana Kitale: gari linafika jioni, kitambaa kinafungwa, tangazo, kichekesho kidogo, tangazo tena. Ukimuuliza aliona filamu gani, hakumbuki hata moja. Anamkumbuka mtu wa maikrofoni. Anaweza kumwigiza mpaka leo, na kikohozi chake.

Kaseti za video zilipofika, vibanda vikaota kila mji, na kazi ya yule mtu wa sokoni ikahamia ndani ya mabati. Ng'ambo ya Malaba na Lwakhakha, Waganda walikuwa na watu wao wanaoitwa VJ, wakitafsiri kwa Kiganda kama watangazaji wa mpira. Huku kwetu akatokea DJ Afro, ambaye sauti yake ilisafiri kwa CD na baadaye kwa flash hadi kwenye vibanda ambavyo yeye mwenyewe hajawahi kufika. Pale Wakaliga, Kampala, Nabwana IGG alipotengeneza *Who Killed Captain Alex* mwaka 2010, VJ Emmie alipewa nafasi ndani ya filamu yenyewe, na sasa watu wa Ulaya na Marekani wanaiangalia wakicheka utani wake. Wengi waliona hiyo ni ajabu mpya. Sisi tulikuwa tunalipa shilingi tano kwa hiyo ajabu.

Sasa nikuambie siku niliyoelewa kazi ya Khocha. Aliweka *Outbreak*, ya 1995, ile ya Dustin Hoffman na virusi vinavyotoka Afrika na kuingia mji mdogo wa Marekani. Inaanzia kambi fulani Zaire, watu wanavuja damu, bomu linaangushwa. Khocha akasimamisha kaseti. Hakuwahi kusimamisha kaseti.

"Hii kitu," akasema, "si mbali. Hii imepita hapa."

Akatusimulia. Mwanzoni mwa 1980, Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha sukari cha Nzoia, hapo hapo Bungoma, alitembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, upande wa Kitale kupitia Endebess. Ni lile pango ambalo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe. Siku chache baadaye akaugua, akapelekwa Nairobi, akafa. Daktari aliyemhudumia akaambukizwa, akaponea chupuchupu. Ulikuwa ugonjwa wa Marburg. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki aliyekuwa ametembelea pango hilo hilo naye akafa.

Nilidhani Khocha anatia chumvi, ndiyo ilikuwa kazi yake. Miaka baadaye, nikiwa chuo, nikakuta ni kweli. Richard Preston alianza kitabu chake *The Hot Zone*, cha 1994, na kisa hicho cha Nzoia na Kitum. Hollywood iligombania habari ile. Kampuni moja ilikuwa na haki ya simulizi ya Preston na mradi wake ukaanguka, nyingine ikakimbia na hadithi yake ya kubuni, ndiyo *Outbreak*. Humo ndani hakuna Elgon, hakuna Nzoia, hakuna daktari Mkenya aliyekaribia kufa akiokoa mtu. Kuna msitu, nyani, na Wamarekani wanaokimbia na helikopta.

Kwa hivyo kumbuka ile picha: mtu wa Bungoma, kwenye kiti cha plastiki, akirudisha ndani ya muvi kile ambacho muvi iliacha nje. Wazee wawili waliowahi kufanya kazi Nzoia wakaanza kuongeza yao. Kaseti ilisimama karibu dakika kumi na hakuna aliyedai pesa yake.

Ndiyo maana napima muvi kubwa kwa swali moja: ninyi mliokaa kwenye viti, mmeachiwa nafasi ya kusema kitu?

*Black Panther*, Februari 2018. Ilifunguliwa rasmi kwa Afrika pale Kisumu, si Lagos wala Johannesburg, kwa sababu ya Lupita Nyong'o. Mimi nilikuwa Kitale, Kisumu niliiona kwa picha za simu, watu wamevaa kama wanaenda harusi ya mfalme. Baadaye nikaipata kwa flash, imetafsiriwa. Nikaiona tena Nairobi, bila mtafsiri. Ukweli? Ile ya flash ilikuwa bora. Wakanda ni nchi tamu, lakini ni nchi isiyo na mtu wa mzaha. Wote wana heshima mno. Mtafsiri alimpa M'Baku lafudhi ya jirani yetu wa mlimani na ghafla nchi ikawa na watu.

*Oppenheimer*, Julai 2023: saa tatu za wanaume wanaoongea vyumbani, na sikuchoka. Bomu lilipolipuka na sauti ikachelewa, ukumbi mzima ulishika pumzi. Kimya kile kilikuwa chetu sote. *Dune* ya pili, 2024: kubwa, nzuri, kiti kinatetemeka, na nilitoka nikiwa sina la kumwambia mtu. *Mufasa*, Desemba 2024: watoto walifurahi. Mimi nilibaki nikifikiria kwamba Simba, Rafiki na Pumbaa ni maneno ya bibi yangu, na kwamba Disney iliwahi kusajili "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara Marekani. Maneno ni yetu, ila mdomo si wetu.

Nikienda kinyume kidogo: *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, 2018, haikuwa na pesa hata ya chai ya hao wengine. Msichana mgonjwa anataka kuwa shujaa wa sinema kabla hajafa, na kijiji kizima kinamsaidia. Mmoja wao ni kijana wa kibanda cha video, mwenye maikrofoni. Nilimwona nikalia mapema, kabla ya sehemu ya kulia.

Turudi Nairobi, Aprili. Muvi ilikuwa *Sinners* ya Ryan Coogler. Mississippi, 1932, Michael B. Jordan ni pacha, wote wawili. Nikaanza kumnong'oneza Khocha: mwenye nyekundu ni Stack, mwenye buluu ni Smoke. Rangi aliziona kidogo. Yeye akawa ananijibu, na Khocha hajui kunong'ona, amezoea kushindana na jenereta. Dada wa mbele akageuka. Kisha jamaa wa kando. Nikaona aibu, si ya Khocha, ya kwangu: nilikuwa tayari kumwambia anyamaze, mimi ambaye kila nikijuacho kuhusu kusimulia nilikipata kwake. Tukahamia safu ya mwisho kabisa, kwenye kona.

Muvi yenyewe huanza na sauti inayoeleza kwamba kuna watu ambao muziki wao unaweza kuwaita wa zamani na wajao. Halafu katikati, kijana Sammie anaimba ukumbini, na wanatokea: mpiga ngoma wa Afrika Magharibi, mtu wa gitaa la umeme, DJ na sahani zake, wote wanacheza chumba kimoja. Mimi nilinyamaza, sikujua niseme nini. Khocha akasogeza uso mbele, akakunja lile jicho moja.

"Hao ni waliokufa," akasema, polepole, kwa ile sauti ya kibanda. "Na wale pale hawajazaliwa. Huyo kijana amewaita wote kwa mkutano."

Hakuna aliyegeuka.

Taa zilipowaka, tukishuka ngazi nikimshika mkono, jamaa wa kando akatusubiri mlangoni. Nikajiandaa kuomba msamaha. Akasema, "Mzee, ile sehemu ya wimbo. Nilikuskia kidogo. Ulisema wale ni akina nani?" Khocha akasimama pale kwenye korido yenye harufu ya bisi na akaanza upya, kuanzia mwanzo, mikono hewani. Watu wengine wawili wakasimama. Mlinzi akaja kutuambia tusonge, naye akasimama.

Kesho yake daktari alisema jicho la kulia linaweza kushikiliwa kama tutafuata dawa. Turudi mwezi wa saba. Nimeshaanza kuangalia ratiba ya muvi za Julai, na safari hii nitalipia safu ya nyuma tangu mwanzo.