Silaha za Zamani: Chuma Chakavu au Kumbukumbu ya Taifa?



Huku kwetu Temeke, Tandika, Manzese na Kinondoni, wanunuzi wa vyuma chakavu hupita na mizani zao kila siku. Injini iliyokufa, bomba na kitanda kibovu vyote hupimwa kwa kilo. Mtutu wa bunduki ya zamani ukiingia katika lundo hilo, nao hupimwa kwa kilo. Kwa mizani hauna tofauti na bomba la maji, lakini kwa historia una mengi. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi silaha hizo zinavyotambuliwa, na kwa nini alama peke yake haitoshi.

Tuanze na bunduki. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika hapa mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la kikoloni la Kijerumani walikuwa na Mauser ya mwaka 1871. Risasi yake ilikuwa nene, milimita 11, na baruti yake nyeusi ilitoa moshi uliomfichua mpigaji mara moja. Vikosi vichache tu vilikuwa na Mauser ya mwaka 1898, ya milimita 7.9, isiyotoa moshi na yenye nafasi ya risasi tano. Waingereza nao walitumia Lee-Enfield.

Anayejua kusoma chuma huzitofautisha bila shida. Mauser ya zamani huwa na herufi za Kijerumani za mtindo wa kale na namba 71 ubavuni, nyuma ya mtutu. Lee-Enfield huwa na taji, herufi za mfalme na mwaka karibu na kitako. Mali ya serikali ya Kiingereza hupigwa alama ya mshale. Hata ganda tupu la risasi husema: la Kiingereza lina ukingo uliotokeza kwenye kitako chake, lakini la Mauser ya 1898 halina.

Hata hivyo, alama hutaja kiwanda tu, haimtaji aliyeishika. Novemba 1914 Wajerumani walishinda Tanga na kuteka bombomu 16 pamoja na risasi kwa malaki. Tarehe 25 Novemba 1917, huko Ngomano kwenye mto Ruvuma, waliteka silaha za Wareno. Von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn (sasa Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, alikabidhi bunduki 1,071, zote za Kiingereza na Kireno. Kwa hiyo anayeokota Lee-Enfield kusini mwa nchi asiseme upesi kwamba ilikuwa ya askari wa Kiingereza. Lazima aulize ilipatikana wapi, na wazee wa hapo wanasema nini. Ikishahamishwa bila maelezo, nusu ya habari yake imepotea.

Mizinga ya manowari ya Königsberg ni mfano mzuri. Tarehe 20 Septemba 1914 meli hiyo ilizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Iliangamizwa huko tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikaletwa Dar es Salaam kutengenezwa, ikafungwa magurudumu na kupigana nchi kavu. Leo mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus. Tunaijua safari yake kwa sababu iliandikwa. Lakini waliokokota mizinga ile porini hawakuandikwa majina. Wapagazi wa vita ile, ambao jeshi lao liliacha jina la Kariakoo mjini kwetu, hawakubeba bunduki. Basi anayekusanya bunduki peke yake amewasahau walio wengi.

Tusitegemee sheria itulindie kila kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huhifadhi moja kwa moja vitu vya kabla ya mwaka 1863. Vilivyofuata, hata vya Majimaji ya 1905 hadi 1907, huhitaji kutangazwa kwanza. Wakati huohuo, kukaa na silaha bila kibali ni kosa, hata ikiwa imeliwa na kutu.

Tena kuna hatari. Watu wa Mbagala hawahitaji kufundishwa. Ghala la silaha la jeshi lilipolipuka tarehe 29 Aprili 2009, na lile la Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, kila mara walikufa watu zaidi ya 20, na mabomu yasiyolipuka yalitawanyika mitaani. Bomu halizeeki kama mtu; kutu huweza kulizidishia ukali. Mtoto asiliokote, mnunuzi asiligonge nyundo. Watu waondoke, polisi waitwe.

Basi ninatoa ombi. Katika mkutano wetu ujao, kila mmoja alete habari, siyo silaha: picha, mahali kitu kilipo, alama zake, na maneno ya mzee aliyekijua. Walimu wetu wa historia walitufundisha majina ya majenerali. Majina ya wapagazi tutayapata kwa wazee wetu wenyewe, na wazee hawatungoji.