Ardhi ya Tokyo Ilivyoizamisha Nikkei

Ijumaa ya tarehe 29 Desemba 1989, soko la hisa la Tokyo lilifunga mwaka kipimo chake cha Nikkei kikiwa pointi 38,915. Agosti 1992 kilikuwa kimeshuka hadi karibu 14,300, na kilele kile hakikupitwa mpaka Februari 2024. Waliowekeza akiba zao za uzeeni mwishoni mwa 1989, wengi wao walifariki kabla ya siku hiyo.

Lawama nyingi humwangukia Yasushi Mieno, aliyeshika ugavana wa Benki Kuu ya Japani siku chache kabla ya kilele hicho, akapandisha riba mfululizo hadi asilimia 6 Agosti 1990. Lakini chanzo kiko nyuma zaidi.

Septemba 1985, katika hoteli ya Plaza mjini New York, nchi tano tajiri zilikubaliana kuishusha dola. Yeni ikapanda kwa kasi, viwanda vinavyouza bidhaa nje vikabanwa. Kuvipa nafuu, Benki Kuu ilipunguza riba mara tano, kutoka asilimia 5 hadi 2.5 Februari 1987, ikaiacha hapo zaidi ya miaka miwili.

Fedha hizo rahisi zilikimbilia ardhi. Wajapani waliamini kwamba bei ya ardhi haishuki kamwe, na benki zikawa zinakopesha kwa kutazama kiwanja, si kipato cha mkopaji. Kampuni yenye kiwanja katika mtaa wa Ginza, Tokyo, ilikiweka rehani, ikachukua mkopo, ikanunua hisa. Hisa zikipanda, benki nazo zilitajirika, maana zilimiliki hisa za wateja wao wenyewe, zikakopesha tena. Hisa za kampuni ya simu ya NTT, zilizouzwa kwa umma kwa takriban yeni milioni 1.2 kila moja, zilivuka milioni 3 miezi michache baada ya kuingia sokoni Februari 1987.

Riba ilipopanda, mzunguko ule ule ulirudi kinyumenyume. Mwaka 1990 Wizara ya Fedha ikabana mikopo ya ardhi, na Agosti Iraki ikaivamia Kuwait, mafuta yakapanda bei. Hisa ziliporomoka kwanza, viwanja vikafuata, rehani zikawa hazitoshi kulipa madeni. Hata hapo benki ziliendelea kuwakopesha wadaiwa wasiojiweza ili hasara isionekane vitabuni. Novemba 1997 zilianguka Benki ya Hokkaido Takushoku na kampuni ya udalali wa hisa ya Yamaichi, iliyokuwa imetimiza miaka 100.

Kumtwika Mieno mzigo wote ni kumwonea. Kosa kubwa lilitendeka kabla hajawa gavana, riba ilipoachwa chini huku bei za viwanja zikipaa mbele ya macho ya wasimamizi.