Simu ya upepo na kuta za Dodoma

Nyumbani kwa shangazi yangu, Area C, rauta ilikaa mwaka mzima nyuma ya televisheni. Fundi aliyeleta faiba alitoboa ukuta wa sebule, akakifunga kisanduku cheupe pale pale waya ulipoingilia, akapima kasi kwa simu yake akiwa amesimama hatua mbili kutoka kilipo, akaaga. Sebuleni intaneti ilikwenda vizuri. Kwenye chumba cha nyuma ilichechemea. Jikoni, banda la uani lililozungushiwa mabati, haikufika kabisa, na jikoni ndiko shangazi anakoshinda. "Mwanangu," aliniambia nilipokwenda kumsalimu, "nalipia kitu cha sebuleni, na sebuleni mimi naingia usiku." Majirani walikuwa wamekwisha kumshauri anunue rauta kubwa, yenye antena sita.

Nilimwomba asubiri. Kisanduku kile kimefika ukutani kwake baada ya safari ya zaidi ya miaka mia moja, na katika safari hiyo yote tabu ya Dodoma imekuwa hatua ya mwisho, ile ya kutoka mahali waya ulipokomea hadi mkononi mwa mtu.

Tuanze na neno lenyewe. Simu limetoka Kiajemi, na huko lina maana ya waya. Mawasiliano yasiyo na waya yalipokuja, Waswahili wakayaita simu ya upepo, yaani waya wa upepo. Sijaona jina zuri kuliko hilo, na nasikitika kwamba tumeliacha.

Waya halisi ulifika Zanzibar mwaka 1879, katika mkongo wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden. Nyanda za kati zilisubiri reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Kigoma 1914. Kando ya mataruma zilisimama nguzo za telegrafu, kwa sababu treni za njia moja haziwezi kupishana kwa usalama kama stesheni hazipashani habari. Ujumbe ukifika stesheni ya Dodoma ulisomwa, ukaandikwa kwenye karatasi, ukapelekwa kwa mguu mpaka kwa mwenyewe. Hatua ya mwisho ilikuwa miguu ya tarishi.

Simu ya upepo nayo ilikuwapo nchini mapema, lakini ilikuwa mali ya dola. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza Ulaya, manowari ya Kiingereza HMS Astraea iliipiga mizinga Dar es Salaam, na shabaha yake kubwa ilikuwa kituo cha redio cha Wajerumani. Mwananchi wa kawaida alingoja miaka mingine themanini ndipo upepo ule umfikie mfukoni.

Kati ya redio ile na simu ya mfukoni kuna enzi ya nyaya za shaba, nayo ilikuwa finyu. Mwaka 1973 uliamuliwa uhamisho wa makao makuu ya serikali kuja Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaanza kupima viwanja na kuchora mitaa ambayo leo tunaiita kwa herufi. Mitaa ikawa mipana, laini za simu zikawa chache. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu likagawanyika, na kampuni ya simu ya TTCL ikazaliwa kutokana na mgawanyo mwingine uliofuata wa miaka ya 1993 na 1994. Kufikia 2005 laini za mezani nchi nzima zilikuwa takriban laki moja na nusu. Wakati huo simu za mkononi, zilizoanza mwaka 1994, zilikwishakaribia milioni tatu. Kwa familia nyingi za Dodoma waya wa shaba haukufika mlangoni kabisa. Walitoka kwenye foleni ya posta wakaenda moja kwa moja kwenye mnara.

Hii ndiyo sababu hadi leo watu wengi hapa wakisema rauta wana maana ya kile kisanduku kinachotiwa laini ya simu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, kikipangwa kuchukua wanafunzi 40,000, kilileta mjini kizazi kizima cha modemu za kuchomeka kwenye kompyuta. Nakumbuka modemu zikining'inia madirishani kwa nyaya ndefu, mwanafunzi akiigeuza kidogo kulia, kidogo kushoto, akitafuta mahali mnara unaposikika. Walikuwa wakijifunza somo ambalo mnunuzi wa leo anaweza kulikosa: mahali kifaa kilipo pana uzito sawa na kifaa chenyewe.

Kisha ukaja mwaka 2009. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya intaneti ya nchi ilipanda hadi kwenye setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta na kushuka tena, hivyo kila swali lilingoja karibu nusu sekunde kabla ya kujibiwa, na gharama ilikuwa kubwa. Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ulizinduliwa Dar es Salaam. Mwezi wa tisa mwaka huohuo, mbali kabisa na hapa, wahandisi walipitisha kiwango cha Wi-Fi kinachoitwa 802.11n. Sidhani kuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili siku ile, lakini kwa nyumba ya Dodoma yalikuwa nusu mbili za kitu kimoja: la kwanza lilileta maji hadi kwenye bomba kuu, la pili lilipanua bomba la ndani ya nyumba.

Wi-Fi ina asili ya visiwani. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya Norman Abramson, kiliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio katika mtandao ulioitwa ALOHAnet, kwa sababu nyaya kati ya visiwa zilikuwa ghali. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu masafa fulani yatumike bila leseni, yakiwamo ya gigahezi 2.4, ambayo oveni za maikrowevu hutumia kupasha chakula. Kiwango cha kwanza kilitoka mwaka 1997, kikipitisha megabiti mbili tu kwa sekunde. Mwaka 1999 zikafika kumi na moja, na jina Wi-Fi likapatikana. Kile cha 2009 kilikuja na ujanja mpya: antena kadhaa zinazofanya kazi pamoja, hata mwangwi unaorudi kutoka ukutani, uliokuwa kero, ukageuzwa kuwa njia ya ziada ya kubebea taarifa. Antena zikaanza kuongezeka kwenye maboksi ya dukani kuanzia hapo.

Mkongo wa Taifa ulipotandazwa kuelekea bara, nao ukiendeshwa na TTCL, Dodoma ilikuwa inabadilika haraka. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia kweli. Sensa ya 2012 iliukuta mji na watu 410,956. Ya 2022 ikakuta 765,179. Nyumba zilimea Iyumbu, Nala, Nzuguni, Ihumwa, na faiba ikaanza kuzifuata. Mwaka huohuo wa 2022 5G ikaanza kutolewa nchini. Tatizo la kufika mji likawa limepungua sana. Lililobaki ni kuta.

Nyumba ya asili ya Mgogo ni tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, vyumba vikiuzunguka ua ambamo mifugo hulala. Nimewahi kusimama katikati ya ua wa namna hiyo nikifikiria jambo hili hili. Mlango wa kila upande unaangalia ua. Kifaa kimoja kikiwekwa kwenye ubavu mmoja, mawimbi yake yangevuka ua wazi na kuingia milangoni bila kutoboa kuta tatu mfululizo. Nyumba yetu ya kisasa imegeuza mpango huo. Katikati kuna korido nyembamba, pembeni vyumba vya tofali za saruji zilizopigwa plasta pande zote mbili, nguzo zenye nondo, vyoo vyenye vigae, na nje banda la mabati. Tofali hula mawimbi kidogo kidogo. Maji huyanyonya, na Dodoma ni mji wa matangi: tangi lililojaa kando ya ukuta wa chumba ni ukuta wa pili. Bati huyarudisha yalikotoka.

Masafa ya gigahezi 5 yana kasi na hayana msongamano wa majirani, ila huchoka haraka ukutani. Yale ya 2.4 hupenya zaidi, lakini kila mtu yuko huko. Kwa hiyo rauta ya nyumba ya vyumba vitatu iwe na yote mawili. Hilo nalisimamia. Kuhusu antena sita, nguvu ya kurusha huwekewa ukomo na sheria. Tena mazungumzo ni ya pande mbili. Hata rauta ikipaza sauti, simu iliyo jikoni hujibu kwa sauti yake ndogo, na jibu lisiposikika hakuna mazungumzo.

Anayetumia laini ya simu aulize kama kifaa kinapokea mitandao yote au kimefungwa kwa mmoja, na kama kinashika masafa ya mnara ulio karibu naye. Aliyefungiwa faiba asiharakishe kukitupa kisanduku cha kampuni: kinaweza kubaki sebuleni kikipokea faiba, na waya wa mtandao ukatoka mgongoni mwake kwenda kwenye kifaa cha pili kilicho karibu na watu, mradi kimoja tu kati ya hivyo viwili kigawe anwani za mtandao. Chini ya kila kifaa pana kibandiko, kisome. Kikisema volti 12, betri ya akiba ya kununua iwe ya volti 12, maana umeme ukikatika faiba yenyewe haizimi, kinachozima ni kisanduku chako. Na masika yakianza na radi zake, chomoa adapta. Kioo cha faiba hakipitishi umeme, lakini waya wa ukutani unapitisha. Vumbi letu la kiangazi nalo huziba matundu ya hewa, hivyo kifaa kilale mahali pa juu, kifutwe.

Kwa shangazi hatukununua antena sita. Tulipitisha waya juu ya dari hadi korido, ukashuka kandokando ya ukuta chini ya bati la baraza, ukaingia jikoni kupitia tundu tulilotoboa juu ya fremu ya mlango, na kifaa kidogo cha pili kikafungwa ndani, mbali na jiko la mkaa. Jioni ile alizungumza na mjukuu wake aliye Mwanza huku akipepeta mchele, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi.

Mwanawe sasa anajenga Nala. Tulipomtembelea kuta zilikuwa bado tupu, na fundi umeme alikuwa akichimba mifereji kwa tindo, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Shangazi alimwagiza alaze bomba moja zaidi kutoka sebuleni hadi korido, na lingine hadi mahali pa jiko la nje, kabla plasta haijapigwa. Fundi akainua kichwa.

"La taa hili, mama?"

"Hapana, baba," akamjibu. "Hilo la simu."