Mtambo na Fundi Wake: Habari za Mafunzo ya Ufundi Tangu Zama za Wahunzi Hata Leo



Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu mtasoma habari za mavuno, za maghala na za hesabu. Sisi wa ofisi ya Katibu tumeombwa kuandika habari za zamani, nasi tumechagua habari za fundi, yaani mtu aufanyaye mtambo uzunguke leo na kesho na keshokutwa. Hatukulichagua jambo hili kwa kuwa ni tamu kusimulia. Tumelichagua kwa kuwa limetugharimu.

Wengi wenu mnaukumbuka msimu ule mtambo wetu wa kukamua alizeti uliposimama. Magunia yalikuwa yamejaa ghalani hata barazani. Asubuhi moja mtambo ukapiga kelele, ukatoa moshi, ukanyamaza. Beringi moja ilikuwa imekufa, nayo ilikuwa imekwisha kuula mhimili. Fundi alitafutwa mbali, akafika baada ya wiki tatu. Katika wiki hizo wanachama waliokuwa na karo za watoto hawakuweza kungoja. Waliuza mbegu kwa wanunuzi wa njiani, kwa bei waliyotajiwa na si waliyoitaka.

Fundi alipoufungua mtambo alituonyesha jambo la kututia haya. Grisi ilikuwa imekauka siku nyingi, na kopo la grisi bei yake haifiki bei ya gunia moja la alizeti. Je, kosa lilikuwa la nani? Halikuwa la kijana aliyeuendesha, maana hakuna aliyemfundisha. Kosa lilikuwa letu sisi tulionunua mtambo tusinunue na elimu yake. Basi tuliporudi kutazama historia ya nchi yetu, tuliona kwamba hatukuwa wa kwanza kukosa hivyo.

MAFUNDI WA KALE

Ufundi wa chuma si mgeni katika bara hili. Kabla ya reli na kabla ya Wazungu, Warongo waliokaa kusini-magharibi ya Ziwa Victoria waliyeyusha chuma na kufua majembe, na majembe hayo yalichukuliwa mbali hata katika nchi nyingine yakawa kama fedha, yakatumika katika mahari. Kijana wa mhunzi hakupewa nyundo siku ya kwanza. Alianza kwa kuvuta mivukuto na kuchukua makaa, huku akiitazama rangi ya chuma motoni mpaka akaijua. Kazi na mafunzo yalikuwa kitu kimoja, na mwalimu alikuwa yule yule aliyelaumiwa jembe likivunjika.

Kisha ikaja reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Manyoni katika upande wa kusini wa mkoa wetu. Garimoshi halitembei bila karakana. Mafundi wengi wa karakana za reli katika Afrika Mashariki walitoka Bara Hindi, na Waafrika wengi waliwekwa kuwa wasaidizi wao. Ujira ulifuata rangi ya mtu kuliko kazi ya mikono yake. Hata hivyo msaidizi aliyechukua spana kwa miaka mingi alijifunza kwa macho, ingawa hakupewa cheti cha kuonyesha.

SOMO LA KONGWA

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilikata shauri la kulima karanga katika nchi hii, kwa sababu baada ya vita mafuta ya kula yalikuwa haba kwao. Shabaha ilikuwa ekari zaidi ya milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na mahali pa kuanzia palikuwa Kongwa, kwa majirani zetu wa Ugogo, penye miiba na ukame tunaoujua vema.

Matrekta yaliletwa kwa wingi, na mengi yalikuwa yamekwisha kutumika, mabaki ya vita, mengine yakinunuliwa hata Ufilipino. Waendeshaji walifundishwa kwa haraka. Karakana haikuwa tayari, wala vipuri havikutosha. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi huwa mgumu kama matofali, na mchanga wake hula chuma kama tupa. Mwaka 1947 wakubwa wa mradi walikusudia ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Kabla ya mwaka huo kwisha, matrekta mawili katika kila matatu yalikuwa hayafanyi kazi. Mwezi wa Januari 1951 mradi ukaachwa, na hasara ilihesabiwa kuwa kama pauni milioni 36.

Hatusemi kwamba ufundi peke yake ndio uliouangusha mradi ule. Mvua ilikuwa haba, na ardhi haikupimwa vema. Lakini yafaa tukumbuke kwamba wenye mradi ule hawakukosa fedha, wala wataalamu, wala meli. Walikosa kufuata taratibu moja iliyo rahisi: mfundishe mtu kwanza, kisha mkabidhi mtambo. Walioanza na mtambo walibaki na vyuma vya kuukuu.

IFUNDA, MOSHI NA MIAKA YA UHURU

Mwaka ule ule 1951 shule ya ufundi ilifunguliwa Ifunda, karibu na Iringa, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita. Ya pili ilifuata Moshi mwaka 1957. Mwanafunzi alikaa shuleni miaka mitatu, kisha akapelekwa kwa mwajiri kufanya uanagenzi wa miaka miwili. Utaratibu huu ulikuwa na busara ya mhunzi wa kale ndani yake: darasa lilimpa kijana sababu za mambo, na karakana ilimpa mkono. Lakini nafasi zilikuwa chache, na kijana wa Iramba au wa Unyaturu alikuwa na safari ndefu kuzifikia. Katika miaka ya 1960 shule hizo mbili ziligeuzwa kuwa shule za sekondari za ufundi, na kazi ya kuwaandaa mafundi wa kawaida ikahitaji mlango mwingine.

Singida ilifanywa mkoa mwaka 1963, na mwaka huo huo Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi. Chuo hicho kimeufundisha ushirika wa nchi hii kuweka vitabu, kukagua hesabu na kuendesha mikutano. Sisi makatibu ni mashahidi wa faida yake. Lakini tukiri: ushirika ulijifunza mapema kuhesabu, ukachelewa kujifunza kukaza bolti.

Milango mingine ilifunguliwa katika miaka ya 1970. Mwaka 1973 likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. Mwaka 1974 ikatungwa sheria ya mafunzo ya ufundi. Kuanzia mwaka 1975, kwa msaada wa Uswidi, vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na mkoa wetu ukapata cha Singida na cha Msingi. Vyuo hivi vilikusudiwa kwa watu wazima wa vijijini, watakaojifunza kazi na kurudi kwao. Ni shabaha njema ambayo hata leo haijachakaa.

Bahati mbaya, mwaka 1976 Vyama Vikuu vya Ushirika vilivunjwa na Serikali. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini miaka ile fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kipuri cha injini kilikuwa kama dawa isiyopatikana. Mashine za kusaga zilizokuwa fahari ya kijiji zilisimama, kuku wakataga chini yake. Hapo ndipo watu walipotambua thamani ya fundi awezaye kuchonga, kuchomelea na kurudishia uhai kilichokufa.

Mwaka 1985 Carl Bielenberg, Mmarekani, alibuni huko Arusha kinu cha kukamulia mafuta kwa mkono. Kilikamua alizeti ya ganda laini, kama ile iitwayo Record, bila injini wala umeme. Karakana za huko huko zikafundishwa kukitengeneza, na katika hilo limo funzo kwetu: chombo kikitengenezwa karibu, mtengenezaji wake naye yu karibu.

Mwaka 1994 ikatungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, nayo ina chuo hapa Singida. Katika vyuo vya VETA ujuzi hupimwa kwa ngazi, ya kwanza hadi ya tatu. Kuna pia njia kwa fundi wa mitaani ambaye hakusoma chuoni: hupimwa kazi yake, huongezewa palipopungua, naye hupewa cheti. Msaidizi wa karakana za reli hakuipata heshima hii.

KAZI YENYEWE ILIVYO

Pengine mwanachama atauliza: fundi huyo atajifunza nini ambacho kijana mwerevu hawezi kukijua kwa kutazama? Mtambo wa kukamua una parafujo kubwa izungukayo ndani ya vyuma vilivyopangwa kama mbavu. Mbegu husukumwa mbele, nafasi ikipungua hubanwa, mafuta yakapenya katikati ya mbavu na mashudu yakatokea mwishoni. Mchanga ukiingia pamoja na mbegu, parafujo hulika. Ikilika, mafuta hubaki katika mashudu. Mtambo bado wazunguka, kelele ni ile ile, lakini mali ya mwanachama yatoka nje ikiwa chakula cha ng'ombe. Asiyefundishwa husema alizeti ya mwaka huu ni mbaya. Aliyefundishwa hupima mashudu, hufungua, hujazia chuma kigumu kwa kuchomelea, akarudisha kipimo.

Alikadhalika mota ya umeme wa fezi tatu. Fezi moja ikikatika mota yaweza kuendelea kuvuma huku ikiungua ndani. Kuna kifaa cha kuikata kabla haijaungua, lakini kifaa hicho hupangwa kwa hesabu. Na mwenye injini ya dizeli katika mkoa wetu wa upepo na vumbi ajue kwamba chujio la hewa lisiposafishwa, injini hunywa mchanga. Kuchekecha mbegu, kutia grisi, kukaza mkanda, kusikiliza beringi, kuandika katika daftari saa za kazi na siku ya kubadilisha oili: hayo ndiyo matengenezo ya kinga. Hayana sifa mkutanoni, kwa maana kazi yake ikifanyika vema hakuna kinachotokea.

YATUPASAYO

Tunajua neno linalosemwa kila tunapotaja kumsomesha kijana: "Tukimsomesha atakwenda migodini, au Dar es Salaam." Neno hili si la kipuuzi. Fundi mzuri hutakiwa kila mahali, na cheti chake ni mabawa. Hatuwezi kuwaahidi kwamba hakuna atakayeondoka. Lakini asiyefundishwa akibaki, naye ni hasara. Tuliiona msimu ule.

Kwa hiyo twaleta mbele ya Mkutano Mkuu mambo matatu. Kwanza, tusinunue mtambo wa pili, ambao wengi wenu mnautamani nasi twautamani, kabla ya kupeleka chuoni watu wawili kwa kila mtambo, si mmoja, ili mmoja akiugua au akihama mwingine awepo. Wachaguliwe na vyama vya msingi miongoni mwa watu wenye makao hapa, wanawake kwa wanaume, na mafundi wa mitaani tulio nao wapelekwe kupimwa wapate vyeti vyao. Pili, wakirudi wakae mwaka mzima chini ya fundi mzoefu, kama walivyofanya wa Ifunda, na mshahara wao uwe wa fundi, usiwe wa kibarua. Hatuwezi kumlalamikia anayekwenda anakolipwa ikiwa sisi tulikataa kumlipa. Tatu, kila msimu fungu litengwe kwa grisi, oili, beringi na vipuri vilikavyo upesi, na fungu hilo lisiguswe kwa posho wala kwa sherehe, hata sherehe kama hii ya leo.

Wako watakaosema kwamba fungu hilo litapunguza malipo ya pili ya mwanachama. Ni kweli, litapunguza kidogo. Sisi tunaoandika vitabu vya hesabu twalijua hilo kuliko wengine. Lakini katika vitabu hivyo hivyo zimo zile wiki tatu za mtambo kunyamaza, ingawa hazikuandikwa kwa jina lake; zimeandikwa kama upungufu wa mbegu, upungufu wa mafuta, na deni la benki lililochelewa kulipwa.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mungu akitujalia kufika miaka ishirini, twaomba atakayeandika kijitabu cha siku hiyo akute mtambo wetu huu wa zamani bado unazunguka, na fundi wake, mtoto wa hapa, akimfundisha mwingine.

Wenu katika Ushirika,
Ofisi ya Katibu