Sanamu ya Mstarini

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mlioko shuleni hivi sasa,

Katika mkutano wetu uliopita lilitolewa pendekezo kwamba sanamu ya zege iliyoko mbele ya uwanja wa mstari ivunjwe, kwa kuwa mkono wake wa kulia umekatika na nondo zimechomoza. Kabla pendekezo hilo halijapigiwa kura, naomba nieleze machache juu ya historia ya sanaa hii. Mwishoni nitakiri jambo nililolificha tangu miaka ya 1970.

Wengi hudhani zege ni la madaraja na matangi ya maji tu. Lakini mmoja wa watu wa kwanza kuunganisha saruji na chuma alikuwa mtunza bustani, Joseph Monier wa Ufaransa. Alitaka vyombo vya kupandia miti visivyovunjika upesi. Alitengeneza wavu wa chuma, akaufunika kwa saruji, na mwaka 1867 akapewa hati ya uvumbuzi huo. Saruji hustahimili kukandamizwa, lakini ikivutwa hukatika. Chuma hustahimili kuvutwa. Vikishikamana, kila kimoja humfaa mwenzake. Ndiyo maana sanamu ya zege yaweza kunyoosha mkono hewani bila kuegemea kitu.

Huku kwetu Afrika Mashariki, sanaa hii ilipata heshima kubwa kwa kazi ya Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma Makerere chini ya Bibi Margaret Trowell na baadaye akafundisha hapo hapo. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, sanamu yake ya uhuru ilisimamishwa katikati ya Kampala: mtu aliyefungwa vitambaa mwilini, amemwinua mtoto juu, naye mtoto amenyoosha mikono mbinguni. Haikuwa ya shaba wala ya marumaru. Ilikuwa ya zege.

Mfano mwingine uko Uhindi. Nek Chand alikuwa msimamizi wa barabara katika mji wa Chandigarh, mji mpya uliopangwa chini ya uongozi wa Le Corbusier. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi wa mgawanyiko wa mwaka 1947. Vijiji vilivyobomolewa kuupisha mji huo viliacha vifusi, vigae na bangili zilizovunjika. Tangu miaka ya 1950, kila baada ya kazi, alivikusanya kwa siri ndani ya msitu wa serikali, akafinyanga watu na wanyama wa saruji na kuwavika vigae hivyo. Wakubwa walipoigundua bustani yake katika miaka ya 1970, kwa sheria ilistahili kubomolewa. Wananchi waliipenda, na mwaka 1976 ilifunguliwa rasmi, mwenyewe akapewa mshahara na vibarua 50. Hata hivyo, aliposafiri ng'ambo mwaka 1996, wahuni waliingia wakaharibu. Nek Chand alifariki mwaka 2015, na bustani ingali ikitembelewa, kwa sababu wapo wanaoitunza.

Sasa nirudi kwetu. Mwalimu wetu wa sanaa alisoma Makerere, na sanamu ya Maloba aliisimulia kana kwamba ni jamaa yake. Tulipokuwa kidato cha tatu alitugawia kazi. Wengine walikunja nondo kuwa mifupa, wengine wakafunga waya wa kuku juu yake, wengine wakachekecha mchanga. Mkono wa kulia nilipewa mimi. Agizo lilikuwa tushindilie saruji hadi chuma kifunikwe kwa unene wa vidole viwili, kisha tufunike magunia na kuyamwagilia maji siku 7.

Siku hiyo tulikuwa na mechi na shule jirani. Nilipaka haraka haraka, ganda jembamba kama la chungwa, nikakimbilia uwanjani. Zamu yangu ya kumwagilia nayo sikuenda. Tulifungwa mabao matatu, na mwalimu hakujua.

Ndugu zangu, saruji iliyoshindiliwa vema huzuia chuma kisipate kutu. Ganda likiwa jembamba, hewa na maji hupenya. Chuma hupata kutu, kutu huvimba, na ganda hupasuka kutoka ndani. Basi msiilaumu mvua, wala mwalimu wetu, ambaye ni marehemu. Tazameni mkono wa kushoto, uliofanywa na mwenzangu: hauna hata ufa. Kilichoharibika ni kipande changu.

Kwa hiyo naomba tusiivunje. Kazi yenyewe si kubwa. Tubomoe ganda bovu, tusugue kutu kwa brashi ya waya, tubadilishe nondo iliyolika, tuloweshe, kisha tupake upya saruji moja kwa mchanga mitatu. Vijana wa kidato cha tatu washike mwiko, sisi wazee tuchekeche mchanga. Historia ya shule yao wataijua vizuri zaidi wakiishika kwa mikono.

Siku ya mkutano ujao nitakuja na mfuko mmoja wa saruji na magunia mawili. Nitabaki hapo shuleni siku zote 7 nikimwagilia, hata kukiwa na mechi.